Saa ya Skrini Ilisimama 01:43

Ndani ya simu yangu kuna picha niliyotumiwa na nesi wa zamu ya usiku mwezi Mei 2022. Ni picha ya skrini ya kompyuta, imepigwa kwa haraka, na mwanga wa taa ya dari unang'aa kwenye kioo. Inaonekana skrini ya kuingilia: majina ya watumiaji yamepangwa katikati, na juu kabisa kuna saa. Nesi aliipiga saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Saa iliyo ndani ya picha inasema 01:43.

Niliitazama nikiwa ndani ya matatu, kati ya Nyamasaria na Rabuor. Nikasoma maneno aliyoandika chini yake, "Fundi, imehengi tena," nikarudisha simu mfukoni. Jibu lilikuwa pale, kwenye zile tarakimu nne, na mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya bei ya memori.

Kituo chenyewe ni kliniki ndogo pembeni mwa Ahero, karibu na Kisumu, upande wa mashamba ya mpunga. Sitaitaja jina. Kuna chumba cha daktari, maabara, duka la dawa, vitanda vichache vya kulaza, na kaunta ya mapokezi ambayo chini yake ndipo ilipo seva. Nikisema seva, usifikirie kabati la chuma lenye mlango wa kioo. Hii ni kompyuta ya kawaida ya ofisini, kuukuu lakini nzima, yenye diski mbili zinazonakiliana, na imeunganishwa kwa waya na kompyuta tatu za vyumba vingine. Ndani yake mna OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004, ambao mizizi yake iko huku huku kwetu, Eldoret, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mimi hujivunia jambo hilo kila ninapouwasha. Wengi hudhani programu zote hutoka mbali.

Seva hiyo ikisimama, kliniki haifungwi, ila inapofuka. Daktari anamwona mgonjwa bila kuona alichoandikiwa juma lililopita. Maabara wanarudi kwenye karatasi, na karatasi za saa tisa usiku hazifiki zote kwenye mfumo kukicha. Usiku mmoja mama alileta mtoto mwenye homa aliyekuwa ametibiwa hapo siku nne kabla. Dawa alizopewa zilikuwa zimeandikwa ndani ya seva iliyoganda, na mama hakukumbuka jina, alikumbuka rangi ya chupa tu. Nesi aliuliza, akauliza tena, akampima mtoto upya tangu mwanzo, akamtibu. Mtoto alipona. Lakini nesi aliponisimulia, sauti yake haikuwa ya mtu anayelalamikia kompyuta. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeogopa.

Matatizo yalianza Aprili. Seva ilikuwa ikitumia mfumo endeshi wa Debian 9, ambayo msaada wake wa muda mrefu ulikuwa unamalizika mwisho wa Juni 2022, kwa hiyo wikendi moja nikaipandisha hadi Debian 10. Kazi ilikwenda vizuri. Jumatatu kila kitu kilifanya kazi, Jumanne hali kadhalika. Usiku wa Alhamisi ikaganda. Kwa kuwa zilipita siku tatu salama, sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Tena mvua ndefu zilikuwa zimeanza, na mtu yeyote wa uwanda wa Kano atakuambia kwamba mto Nyando ukifura, lawama za kila kitu huangukia maji na stima.

Basi nami nikaanza na stima. Radi zilipiga juma lile, taa zikawa zinafifia na kurudi. Nikaishauri kliniki inunue UPS, ile betri ya kushikilia mashine stima ikipotea, wakanunua kwa pesa ambazo zingenunua vitu vingine. Siku mbili baadaye seva ikaganda betri ikiwa imejaa. Nikahamia kwenye joto. Nikaifungua, nikatoa vumbi jeusi lililojazana kwenye feni, nikabadilisha ile dawa inayopakwa juu ya prosesa ili ipoe. Ikaganda tena. Nikaingia kwenye memori: niliiacha Memtest86+, programu ya kupima memori, ikichakata usiku kucha, na asubuhi hapakuwa na kosa hata moja. Nikazikagua diski kwa smartctl, amri ya kupima afya ya diski, zote mbili safi.

Pale kwenye memori ndipo nilipotakiwa kusimama nifikiri. Mashine ilifanyishwa kazi kwa nguvu zake zote kwa saa kumi mfululizo bila kuganda. Ikiwa na kazi ngumu ilikuwa nzima. Ilikuwa ikishindwa inapoachwa bila kazi.

Ngoja nieleze jinsi ya kuihoji mashine iliyoganda, maana wengi wetu tukiona skrini imesimama vidole vinakimbilia kitufe cha kuzimia. Anza na kibodi. Bonyeza Caps Lock na utazame kitaa chake. Kikiwaka na kuzimika, keneli, yaani kiini cha mfumo, iko hai na kilichokwama ni picha tu; bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, huenda ukapata skrini ya maandishi matupu ambamo utaingia na kutengeneza mambo bila kuzima chochote. Kitaa kisipobadilika, nenda kwenye kompyuta nyingine uipigie ping, yaani uibishie hodi kwa waya uone kama itajibu. Seva inayojibu ping lakini haikuruhusu kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kutoka kompyuta nyingine, mara nyingi imejaa memori, au inaingoja diski isiyojibu. Hayo ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti kabisa na skrini iliyokwama. Ikinyamaza kote, bado kuna njia moja ya heshima: shikilia Alt pamoja na Print Screen, kisha bonyeza S, U, na B, moja baada ya nyingine, ukitulia sekunde chache katikati. S huandika diskini vyote vinavyosubiri, U hugeuza diski ziwe za kusomwa tu, B huiwasha mashine upya. Kwenye Debian hizo tatu zimeruhusiwa tangu mwanzo, huhitaji kuandaa chochote. Ni kweli kwamba hifadhidata ya MySQL na mfumo wa mafaili wa ext4 vina namna ya kujirekebisha baada ya kuzimwa ghafla, na kwa kawaida hufaulu. Lakini rekodi za wagonjwa sipendi kuziegemeza kwenye neno "kwa kawaida".

Yetu haikujibu chochote. Kitaa hakikubadilika, ping ilinyamaza, na Print Screen haikusaidia. Nikaishia kwenye kitufe, kama wengine wote.

Baada ya kuiwasha nilifungua kumbukumbu za mfumo, faili la /var/log/syslog, nikatafuta maneno ambayo kila fundi hutafuta: error, fail, panic. Sikupata kitu cha maana. Mistari ilikuwa ya kawaida, kisha ikaja safu ya alama za ^@, ambazo huachwa faili linapokatwa ghafla likiwa linaandikwa, kisha mistari ya kuwaka upya. Nikafunga faili.

Juma la tatu la Mei matroni aliniita pembeni. Alikuwa ameshika ratiba ya zamu, na kwenye ratiba amezungushia duara usiku ambao seva iliganda. Karibu zote zilikuwa za nesi mmoja. Huyo ndiye aliyekuwa akinitumia picha. Askari wa usiku humwita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa sababu ndiko kwao, na hapa nami nitamwita hivyo.

"Simlaumu," matroni akasema, "lakini labda kuna kitu anabonyeza."

Nikaenda nikamuuliza Nyar Seme. Naandika swali langu kama nilivyoliuliza, kwa sababu bado linaniuma: "Sista, huwa unabonyeza nini?"

Alinitazama kwa muda. Akasema, "Nafanya ulivyotufundisha, Fundi. Nikimaliza kuandika mgonjwa, natoka."

Nikamshukuru nikaenda zangu. Neno "natoka" lilipita sikioni kama maneno mengine. Ni kweli nilikuwa nimewafundisha, mwaka uliotangulia, kwamba mtu akimaliza kazi kwenye kaunta asiiache akaunti yake wazi, kwa sababu kaunta iko mapokezi na yeyote anaweza kuegemea na kusoma habari za jirani yake. Wengi hawakupenda kutoka, kwa kuwa kuingia tena huchukua muda kwenye mashine kuukuu. Wao walikuwa wanafunga skrini tu, akaunti ikibaki imewashwa nyuma ya pazia. Kufunga na kutoka. Kwa mtu anayepita kwenye kaunta, vyote viwili vinaonekana sawa: skrini inaomba neno siri. Nyar Seme peke yake ndiye aliyekuwa akitoka kila mara.

Nilikaa na ratiba ile siku mbili, na nikaona haya. Mtu alikuwa anasemwa chini kwa chini kazini kwake kwa sababu ya mashine niliyoiweka mimi. Nikamwomba matroni ruhusa ya kulala pale usiku wa zamu yake inayofuata.

Usiku ule haukuwa na wagonjwa wengi. Mvua ilikuwa imekatika, vyura wa mashamba ya mpunga walikuwa wanapiga kelele kama kawaida yao. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mapokezi pamoja na askari, mzee aliyelinda pale tangu kliniki ilipofunguliwa. Akaniuliza nimekuja kungoja nini. Nikamwambia nangoja seva igande niione ikiganda.

"Nyathina," akasema, na hilo ndilo neno analotuitia sote tulio na umri wa watoto wake, "mimi hukaa na hiyo mashine kuliko ninyi nyote. Kabla haijafa hunyamaza. Feni inazima. Ile taa ya mbele inaanza kupepesa. Kisha Nyar Seme akija akigusa kibodi inaunguruma tena, picha inarudi, lakini haisikii. Wewe huwa unafika ikiwa inaunguruma."

Nilisimama. Nikamwomba arudie, akarudia vilevile bila kuongeza neno.

Kompyuta inayozima feni na kupepesa taa ya mbele haijafa. Imelala. Mimi sikuwahi kuiona ikilala. Kila mara nilifika ikiwa imeshaguswa, imejaribu kuamka, ikashindwa njiani. Nilikuwa naikuta imeganda mlangoni, na kwa juma baada ya juma nikawa natafuta kilichoigandisha, ilhali swali lilikuwa jingine kabisa: nani aliiambia ilale?

Nyar Seme alimhudumia mgonjwa mmoja, akaandika, akatoka. Saa nne na dakika tano usiku. Sote watatu tukakaa kimya bila kuigusa. Baada ya dakika tano hivi skrini ikawa nyeusi, jambo la kawaida. Tukangoja. Saa nne na dakika ishirini na tano feni ikapungua mwendo, ikanyamaza, na vyura wakasikika zaidi. Taa ya mbele ikaanza kupepesa polepole. Askari hakusema kitu, alinitazama tu.

Dakika ishirini kamili. Sekunde 1,200.

Nikagusa kibodi, ikaunguruma, picha ya kuingilia ikarudi, majina yakiwa mahali pake. Saa ya juu ilisoma 22:25 na ikabaki hivyo. Caps Lock haikujibu. Nikaiwasha upya kwa kitufe, na safari hii nikafungua syslog bila kutafuta neno la kosa. Nilisoma tu, mstari kwa mstari, kuanzia dakika aliyotoka. Mstari wenyewe ulikuwepo, wazi kabisa, sekunde chache kabla ya kukatika: Reached target Sleep. Mfumo umefikia usingizi. Nikarudi nyuma hadi usiku wa ile picha. Kwenye faili jingine, auth.log, linaloandika wanaoingia na kutoka, akaunti yake ilifungwa 01:23. Mstari wa usingizi ulikuwa wa 01:43. Nilikuwa nimefungua kumbukumbu zile zaidi ya mara tano nikitafuta kosa, na kosa halikuwamo, kwa sababu mashine ilikuwa inatii.

Chanzo ni hiki. Mazingira ya skrini yanayoitwa GNOME, kwa toleo la 3.28 la mwaka 2018, yalianza kuilaza kompyuta yenyewe baada ya dakika 20 bila kuguswa, hata ikiwa imechomekwa kwenye stima. Debian 9 ilikuwa na toleo la 3.22, Debian 10 ikaja na 3.30, kwa hiyo nilipoipandisha seva niliingiza tabia hiyo bila kuitaka. Kwenye akaunti za wafanyakazi nilikuwa nimeshaandika kwamba mashine isilale kamwe, ndiyo maana nilikuwa nimeliondoa suala la usingizi kichwani. Lakini skrini ya kuingilia si akaunti ya mfanyakazi yeyote. Ina mtumiaji wake, huitwa Debian-gdm, bawabu wa mlango wa mfumo, naye ana mipangilio yake isiyofikiwa na yetu. Nesi aliyefunga skrini tu alibaki chini ya sheria niliyoiandika mimi. Nesi aliyetoka aliiacha mashine chini ya sheria ya bawabu.

Tena bawabu huyo anahesabu kibodi na kipanya peke yake. Kazi inayopita kwenye waya haihesabu. Daktari anaweza kuwa chumbani kwake anaandika historia ya mgonjwa, maabara wanaingiza majibu, na seva ikalala katikati ya sentensi kwa sababu hakuna mkono kwenye kaunta. Kwa kompyuta ya mtu mmoja mezani mpango huo unaokoa stima na sina ugomvi nao. Kwa mashine inayohudumia wengine ni hatari, na naamini inapaswa kuulizwa wazi wakati wa kuweka mfumo. Kulala peke yake kusingegandisha kitu, lakini kadi ya picha ya kompyuta ile haiwezi kuamka baada ya kulazwa, ikarudisha picha ya mwisho na kukwama hapo.

Matengenezo yalichukua muda mfupi kuliko kuandika aya hii. Katika faili la /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults kuna mistari miwili iliyofungwa kwa alama ya reli (#), ambayo huufanya mfumo uiruke: sleep-inactive-ac-timeout=1200 na sleep-inactive-ac-type='suspend'. Niliifungua, ya kwanza nikaiandika 0, ya pili nikaiandika 'nothing'. Kisha, ili hata toleo lijalo lisinirudishe nyuma, nikauziba usingizi wenyewe kwa amri moja:

systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Nikaunda pia folda ya /var/log/journal, kwa kuwa kwenye Debian 10 isipokuwepo journalctl, amri ya kusoma kumbukumbu za mfumo, husahau kila kitu mashine inapozimwa, na nilitaka safari nyingine niweze kuuliza habari za jana kwa journalctl -b -1. Baadaye nilifikiria kuondoa kabisa mazingira ya picha. Seva haiyahitaji, na ningekuwa na kompyuta ya ziada ya kuweka kwenye kaunta ningeyaondoa siku ile ile. Kliniki haina, na pesa za kuinunua zilikuwa zimeshakwenda kwenye UPS niliyowashauri.

Tulikesha. Nyar Seme alitoka kwenye akaunti, tukangoja dakika ishirini, zikapita. Tukangoja saa nzima. Skrini ilikuwa nyeusi lakini feni inaunguruma, na kila nilipogusa kibodi picha ilirudi na saa ikiwa sahihi. Saa kumi za usiku mzee alikwenda kuzunguka uzio, akarudi, akainamisha kichwa kwenye kaunta kusikiliza, akaketi.

Alfajiri nilimwambia Nyar Seme kwamba mashine ilikuwa ikiganda kwenye zamu yake kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyefuata nilichofundisha. Nikamwomba radhi kwa swali langu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja sweta lake. Akasema, "Basi andika. Hapa watu husoma kile kitabu."

Kitabu ni lile daftari la zamu linalokaa kaunta, ambalo kila anayeingia kazini hulisoma kabla ya kupokea funguo. Nikaandika chini ya tarehe ya siku ile, kwa herufi za kusomeka, kwamba seva haikuharibiwa na mtu yeyote wa zamu ya usiku, kwamba ilikuwa inalala kwa mpangilio uliokuja nilipobadilisha mfumo mwezi Aprili, na kwamba nesi aliyekuwa akitoka kwenye akaunti kila mara ndiye aliyekuwa akifanya sawa. Nikatia sahihi. Matroni alipofika saa moja kasoro alisoma akiwa amesimama, akaipindua ratiba yenye maduara, akaichana vipande viwili, akavitia mfukoni mwa koti lake.